Miezi Kumi na Miwili ya Moyo wa Odell

Saa kumi na nusu alasiri, saa ambayo wazee wa mji wa Calusa Bend huiita usiku, Brantley Kessler alisimama mlangoni mwa mkahawa wa nyama akiwapokea wageni wake kwa mikono miwili. Kila bibi alisifiwa nywele, kila babu aliulizwa habari za gofu, na wajane walishikwa mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine. Chakula kilikuwa bure: steki, viazi vya kuoka na pai ya ndimu. Katikati ya steki na pai, watu wakiwa wameshiba kiasi cha kushindwa kuinuka, Brantley angesimama na kuwazungumzia uzee wenye amani.

Usije ukasema ni tapeli. Tapeli huwakimbia polisi. Brantley alikuwa na leseni ya jimbo ndani ya fremu, suti mbili, na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Alichouza kilikuwa halali kabisa: mkataba wa bima ya uzeeni, ile aina ya kupanda na kushuka. Maelezo yake ni mafupi ukiyapata kwa mtu asiyetaka kukuuzia. Unaipa kampuni ya bima akiba yako. Kampuni inaitia katika mifuko ya hisa. Hisa zikipanda, akiba inapanda, zikishuka, pole sana. Baadaye ukitaka, akiba hiyo inageuzwa mshahara wa kila mwezi mpaka siku utakapozikwa. Kwa wema huo unakatwa ada ya bima, ada ya mifuko, ada ya kutunza makaratasi, na ada ya kila kinga utakayoiongeza kwa hofu zako. Na ukizitaka fedha zako mwenyewe kabla ya miaka minane, kuna faini ya kutoka mapema, inayoanzia asilimia tisa. Kwa mtu wa miaka arobaini huenda jambo hilo lina maana. Brantley aliwauzia watu wa miaka sabini na minane, ambao hata dawa ya meno walikuwa wakinunua ile ndogo.

Kwa uzoefu wake, waliohudhuria walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na walamba sahani, ambao Jumatatu walikula kwa muuza majeneza, Jumanne kwa muuza vifaa vya masikio, na Jumatano kwake, kisha wakaenda zao na mifuko ya mabaki bila kutia saini hata kwenye karatasi ya mahudhurio. Na kulikuwa na samaki. Kazi yote ilikuwa kumtambua samaki kabla ya pai.

Jioni hiyo ya Machi alimtambua mapema. Jina lake Verna Haskamp, mjane wa miaka sabini na minne aliyehamia kutoka Ohio, ambako kwa miaka thelathini na mmoja alisimamia mabasi ya shule. Alikula nusu ya steki akaifunga nusu, aliandika katika daftari, na mwisho wa hotuba aliinua mkono akaomba apewe kile kitabu cha masharti.

Ukumbi mzima ulimgeukia. Kitabu hicho kilikuwa na kurasa mia tatu tisini na sita, na Brantley alikuwa akikibeba mwaka wa nne sasa kwa sababu sheria ilimtaka awe nacho, na kwa sababu kilifaa kuzuia mlango usifungwe na upepo. Hakuna aliyewahi kukiomba. Yeye mwenyewe hakuwahi kukifungua, kama vile muuza sabuni asivyolazimika kuionja. Lakini mjanja hakosi tafsiri, na yake ilikuwa hii: mtu anayeomba kitabu kizito anakiogopa, na anayekiogopa ataomba asomewe. Basi akambebea mpaka kwenye gari la jirani aliyemleta, kwa sababu Verna alikuwa na mtoto wa jicho na hakuruhusiwa kuendesha. Njiani mama akamweleza kwamba nyumba ya Ohio imeuzwa, na dola laki mbili na themanini elfu ziko benki, zimelala tu.

Zimelala tu. Hakuna wimbo mtamu kuliko huo katika kazi ya Brantley. Kabla Verna hajafunga mkanda, hesabu ya kamisheni ilikuwa imekwisha: asilimia saba, dola elfu kumi na tisa na mia sita.

Tumtendee haki, fedha hizo alikuwa na shida nazo kweli. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alilala katika chumba kilicho juu ya gereji ya dada yake Corliss, ambamo mashine ya kufulia ilipoanza kuzungusha nguo, kitanda kilitembea. Kando ya mfereji kulikuwa na jengo jipya lililokuwa likijengwa, na ghorofa ya tatu palikuwa na fleti namba 3C, yenye kibaraza. Alikuwa ameshakwenda kuiangalia mara tano. Mara ya tano aliomba aachwe peke yake, akafungua mlango na kuufunga, akafungua na kuufunga, kwa raha tu ya mlango ambao Corliss hataugonga kuuliza nani kamaliza maziwa.

Wiki iliyofuata alikwenda Sabal Cove, mtaa wa wazee wenye nyumba ndogo za bati zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Verna alimwekea kahawa na biskuti. Kitabu kilikuwa mezani, kimechomekwa vikaratasi vya njano kila upande, na Brantley akamwonea huruma: maskini, kumbe ni kurasa zote hizo alizoshindwa kuelewa.

Verna alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akashika kikaratasi cha kwanza.

"Hapa wamemtaja mtu wa kupimia. Ni nani huyo?"

"Ni yule ambaye maisha yake yanaupima mkataba, mama. Akifa yeye, mkataba umekwisha, na kampuni inalipa kilichomo au ulichoweka, kile kilicho kikubwa, ila katika mwaka wa kwanza ni ulichoweka tu. Kwa kawaida ni mwenye fedha mwenyewe."

"Kwa kawaida. Si lazima."

"Si lazima."

"Na daktari anampima kwanza?"

Hapo Brantley alitabasamu, maana sentensi iliyofuata alikuwa ameisema labda mara elfu mbili. "Hakuna daktari, mama. Hakuna kipimo, hakuna maswali. Ndio uzuri wake huo."

"Basi muandike Odell Tibbs," Verna alisema. "Jirani yangu, nyumba ya pili. Ana sabini na tisa. Mimi sipendi jina langu likae karibu na neno kifo."

Angesema muandike kasuku, Brantley angeuliza tu tarehe ya kuzaliwa. Aliandika. Kwa kuwa sheria ilimtaka aseme, alisema kwamba mtu wa umri wake huenda akapenda mifuko yenye utulivu. Verna akachagua ile yenye kuruka zaidi, ya makampuni ya kompyuta. Kampuni nayo, kwa ukarimu unaotokana na ada, iliongeza asilimia tano juu kama zawadi ya makaribisho. Saini zikatiwa tarehe tisa Aprili. Siku ishirini na moja za mzee kubadili mawazo zikapita, na Brantley hakulala vizuri hata moja kati yake. Verna hakubadili chochote. Kamisheni ikaingia, na kesho yake ikaenda yote kuwa malipo ya awali ya 3C. Jengo lingekamilika Aprili inayofuata, benki ingetoa mkopo wa kiasi kilichobaki, mradi tu mkopaji asiwe na deni lolote.

Siku ya ishirini na mbili alipeleka kikapu cha matunda Sabal Cove, kama wafanyavyo wauzaji waungwana samaki akishaingia ndooni. Akapita nyumba ya pili. Chini ya kivuli cha bati alikaa mzee mrefu, mrija wa oksijeni puani, miguu imevimba, midomo ya rangi ya zambarau, mkononi soseji.

"Wewe ndiye uliyeniuzia maisha yangu?" mzee aliuliza.

Huyo ndiye Odell Tibbs, fundi lifti mstaafu kutoka Alabama. Alimweleza Brantley bila kuulizwa kwamba moyo wake ulikuwa umechoka, na kwamba Daktari Batra wa kliniki ya moyo amempa miezi sita. Brantley alimpa pole na chungwa, akaondoka akicheka peke yake garini. Mama wa watu kamwandika maiti. Lakini hilo lilikuwa la kampuni kulilia, si lake.

Kicheko kiliisha Ijumaa, kwa simu ya Yesenia, karani wa ofisi ya Tampa, mwanamke ambaye hajawahi kumpa mtu habari mbaya bila kuitafuna kwanza. Alimuuliza kama anamfahamu mtu wa kupimia wa mkataba wa Haskamp. Brantley akasema ndiyo, amempa chungwa.

"Natumaini ana afya," Yesenia alisema. "Kwa sababu akifa kabla mkataba haujatimiza miezi kumi na miwili, kamisheni yako inarudi yote. Imo kitabuni, ukurasa wa mia tatu sabini na moja. Ile sehemu ya namna wauzaji wanavyolipwa."

Brantley aliona mlango wa 3C ukijifunga mwenyewe. Alimsihi Yesenia ampigie picha ukurasa huo amtumie. Alimtumia. Brantley alisoma ukurasa mmoja kwa dakika arobaini, na kwa mtu wa kazi yake huo ulikuwa usomi wa kutisha.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa kwa Odell. Alifungua kabati akatoa makopo ya supu yenye chumvi, akatoa soseji, nyama za makopo, achari, na kitu fulani cha kijivu kilichokosa jina, akavitupa vyote. Odell alimtazama toka kitini akauliza kama bima siku hizi inafanya na usafi. Brantley akamjibu kuwa ni huduma kwa wateja.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mwaka ambao Sabal Cove wanausimulia hadi leo. Brantley Kessler, ambaye hakuwahi kumpigia mteja simu baada ya kamisheni kuingia, alinunua kisanduku cha dawa chenye vyumba saba vya siku saba akakijaza mwenyewe. Alijifunza kupika maharage bila chumvi, kisha akajifunza kuyafanya yalike. Kila asubuhi alimpima mzee uzito, maana Daktari Batra alisema uzito ukipanda ghafla ni maji, na maji ni hatari. Kila Alhamisi alimpeleka kliniki, maili arobaini kwenda na arobaini kurudi, na kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda, Verna aliingia kiti cha nyuma, kando ya mzee, na orodha yake ya soko.

"Mungu akubariki, mwanangu," alimwambia katika safari ya tatu. "Nilikuwa sijui watu wa bima wana moyo."

"Tunao, mama," Brantley alijibu, akiangalia kwenye kioo kama Odell bado anapumua.

Daktari Batra naye hakumpa faraja. Alieleza kwa upole kwamba moyo wa namna ile kwa vitabu haumalizi mwaka. Odell akadakia kwamba maneno hayo ameyasikia kila majira ya kuchipua kwa miaka mitatu, na kila mwaka daktari humwandikia barua ya kusema hivyo, naye amezibandika jikoni zote tatu. Daktari akakubali kwamba ni kweli, na kwamba yeye anaandika anachokiona. Moyo wa Tibbs hausomi barua. Brantley aliyasikia haya yote kwa masikio yake mawili na hayakumsaidia lolote.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mkaidi. Ijumaa moja klabu ya mtaa ilikaanga samaki, harufu ikaingia kila dirisha, na Odell akakutwa katikati ya barabara akikokota mtungi wake wa oksijeni kuelekea kwenye mafuta ya moto. Brantley alimzuia kwa mikono.

"Niache, kijana. Nife nimeshiba."

"Utakufa Aprili."

"Kwa nini Aprili?"

"Hali ya hewa inakuwa nzuri."

Odell akageuza mtungi na kurudi. Walikula samaki wa kuchemsha, wote wawili, kwa sababu Brantley alikuwa ameacha kupika vyungu viwili.

Septemba kilikuja kimbunga, umeme ukakatika mtaa mzima, na mashine ya oksijeni ya mzee ilikuwa ya umeme, na mtungi wake wa kutembelea ungekwisha kabla ya asubuhi. Brantley alimbeba mgongoni hadi garini kwenye mvua ya kupofusha, akampandisha ngazi za gereji ya Corliss, ambako kulikuwa na jenereta. Odell alilala kitandani. Brantley alilala sakafuni siku nne, akiamka kila mara kusikiliza pumzi, naye Corliss akasimama mlangoni akimtazama kaka yake kama mtu aliyepatwa na dini. Aliuliza kama huyu mzee ni ndugu upande wa mama. Brantley alisema ni biashara, na dada yake akaondoka akitikisa kichwa, hakumwamini.

Kuuza, hakuuza. Alhamisi zilikwenda kliniki, asubuhi zilikwenda kwenye mizani, na semina mbili za steki alizifuta kwa sababu Odell alikuwa na kikohozi. Cha ajabu ni kwamba wazee wa Sabal Cove sasa walimpenda kweli. Wangemtilia saini hata kwenye gazeti. Lakini kila alipokaa mezani kwa mtu na kutoa karatasi zake, saa ya dawa ilifika. Akaishi kwa akiba, kisha kwa maziwa ya Corliss. Alijifariji kwamba mjini hakuna cha bure, na kwamba anayetaka kibaraza sharti apike maharage.

Hatimaye tarehe tisa Aprili ikafika, ikapita, na asubuhi ya tarehe kumi Odell Tibbs aliamka, akalalamikia uji, akajikuna. Brantley alimbusu katikati ya kipara. Alikuwa ameleta keki. Verna alikuja, akakata vipande, na kwa mara ya kwanza akamuuliza Brantley fleti inaendeleaje. Akasema funguo ni mwisho wa mwezi. Verna akasema hongera, mvumilivu hula mbivu, na akaomba radhi kwamba hatokaa sana, ana barua ya kuposti.

Siku tisa baadaye Yesenia alipiga simu. Safari hii alitafuna muda mrefu zaidi.

Verna Haskamp alikuwa ametoa fedha zote. Dola laki tatu na thelathini na sita elfu. Hisa za kompyuta zilikuwa zimeruka vizuri, na ile zawadi ya makaribisho juu yake. Brantley alikimbilia neno alilolijua. Faini, alisema. Asilimia tisa. Mwanamke mzima gani anakubali kupigwa faini ya asilimia tisa?

Hakukuwa na faini, Yesenia alieleza. Ukurasa wa mia mbili na nane. Mkataba ukishatimiza mwaka mmoja, na daktari akiandika barua, baada ya mkataba kuanza, kwamba mtu wa kupimia hana mwaka mbele yake, mwenye fedha anaruhusiwa kuzitoa zote bila kukatwa senti. Barua ya Daktari Batra ilikuwa ya Machi, saini na muhuri. Alikuwa ameiandika kama anavyoiandika kila mwaka.

"Sawa, azichukue," Brantley alisema. "Mtu wa kupimia yuko hai. Miezi kumi na miwili imekwisha. Mimi nina shida gani?"

"Ukurasa wa mia tatu sabini na mbili. Fedha zikitolewa zote kabla ya miezi ishirini na minne, kwa sababu yoyote ile, kamisheni inarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniomba ukurasa mmoja."

Ilimchukua Brantley siku mbili kujaribu kila mlango. Tampa walisema deni limeshaandikwa. Benki iliona deni na ikaufuta mkopo. Wenye jengo walisema wanasikitika, na kwamba kwa 3C kuna daktari wa meno amesimama kwenye foleni tangu Januari, na malipo ya awali, kama alivyotia saini, hayarudi. Aliuliza wapi alitia saini hivyo. Wakamwonyesha.

Alhamisi saa nne asubuhi aligonga mlango wa Verna. Hakupiga kelele. Mtu aliyeingizwa mjini na bibi wa miaka sabini na mitano hana hata sauti ya kupigia kelele.

"Umenitumia," alisema.

"Kaa chini, mwanangu."

"Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Tangu ya nne. Siku tatu nilikuwa nasoma." Verna alimmiminia kahawa. "Mimi nilihitaji Odell aishi mwaka mmoja, ili nitoke na faida. Mwenyewe siwezi kuendesha, na yeye hawezi kuambiwa kitu. Nilifikiri kumwajiri mtu. Lakini mwajiriwa huchelewa, huugua, huomba likizo. Nikaona ukurasa wa mia tatu sabini na moja, nikasema kumbe yupo mtu atakayemtunza kwa roho yake yote, na bure."

"Huo ni utapeli, mama."

"Kila neno limo kitabuni mwako. Ulinibebea mwenyewe mpaka garini."

Brantley aliangalia kahawa. Akauliza kitu kimoja tu, kwa sababu kweli alitaka kujua: kwa nini yeye. Mji mzima una wauza mikataba, kila mkahawa una wake.

"Alma Rohrs," Verna alisema.

Jina halikumwambia chochote. Verna alingoja, akaona halimwambii chochote, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Dada yangu. Ulimuuzia akiwa na sabini na saba. Kimbunga cha mwaka juzi kiling'oa paa lake, akaenda kuomba fedha zake mwenyewe atie bati, wakamkata elfu kumi na moja. Alikupigia simu mara sita. Mara ya sita alikuwa ameshaandika maneno ya kusema kwenye karatasi, ili asikupotezee muda. Hukupokea. Sasa anaishi chumba cha nyuma kwa binti yake."

Brantley alimtafuta Alma Rohrs kichwani. Alipitia wajane wote, mikono yote aliyoishika muda mrefu kidogo kuliko mingine, steki zote. Hakumpata. Alitaka kusema samahani, lakini ilimwia vigumu kuomba msamaha kwa mtu ambaye hakumbuki hata alikuwa mnene au mwembamba. Alisimama. Verna hakumzuia, ila alimwambia kwamba elfu kumi na moja za Alma zimeshakwenda kwa Alma, na nyingine juu yake.

Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali. Gari lake lilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia, nyumba ya pili, Odell Tibbs alikaa chini ya bati lake, na kwa mbali tu Brantley aliona kwamba hali si nzuri. Hakuwa amefika hapo tangu Jumatatu; alikuwa Tampa, alikuwa benki, alikuwa akilia garini. Miguu ya mzee ilikuwa imejaa tena hadi juu ya magoti. Kisanduku cha dawa kilikuwa mezani kando yake, chumba cha Jumanne kimejaa, cha Jumatano kimejaa, cha Alhamisi kimejaa.

"Nilidhani umekufa wewe," Odell alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Nikasema, basi nimemshinda."

"Ulijua?"

"Verna aliniambia mapema. Mimi nilibashiri utagundua kufikia Juni. Nimepoteza dola tano."

Brantley alisimama juani na ufunguo wa gari mkononi. Mtu mwenye akili ya biashara angekwenda zake. Mkataba umevunjwa, kamisheni imerudi, fleti ina daktari wa meno, na duniani kote hapakuwa na karatasi moja ambayo ingemlipa Brantley Kessler senti tano kwa mzee huyu kuiona Ijumaa. Alipiga hesabu hiyo vizuri, maana hesabu aliijua. Aliirudia. Kisha akaweka ufunguo mezani, akatukana tusi refu ambalo halifai kuandikwa, akaingia ndani na kutoka na bilauri ya maji, akapiga goti kando ya kiti na kuanza kumimina vidonge kwenye kiganja.

Odell alimtazama kwa mashaka. "Leo nani anakulipa?"

"Fungua mdomo, mzee."